Chapa ya Losike

Asekon alikataa koti la kupoza mwili langoni. Mlinzi alimweleza kwa upole kwamba kanuni ni kanuni, kwamba miaka hii jua likishaipiga njia ya juu, asiye na koti hafiki kileleni na akili zake timamu. Mama yule alimtazama tu, kama mtu anayesubiri mbuzi wa jirani apite ili njia ibaki wazi.

"Mlima huu niliupanda nikiwa na mimba ya miezi saba," alisema hatimaye. "Hilo koti lenu lilikuwa wapi?"

"Mwache," Arupe akaingilia. "Ni wifi yangu. Nitamwangalia mimi."

Mlinzi hakubishana. Arupe ndiye aliyekuwa msimamizi wa mchwa katika Hifadhi ya Lokapelet, na bila mchwa pasingekuwa na hifadhi wala lango la kulinda. Aliwatangulia wageni wake kwenye njia ya mawe meusi, akipunguza mwendo kila alipomsikia Asekon akivuta pumzi kwa nguvu. Nyuma yao alikuja Akuwam, binti wa Asekon, koti limefungwa hadi kidevuni, likivuma polepole kila lilipompuliza ubaridi mgongoni. Akuwam alikuwa akisomea uuguzi Kitale. Alizaliwa hapa Lokapelet, lakini hakuwa na kumbukumbu yoyote ya mahali hapa. Alibebwa mgongoni mwaka ule ziwa lilipojivuta na kuacha tope la chumvi, ng'ombe wakaisha, na watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake.

Arupe ndiye aliyewaita. Alipiga simu akasema, "Njooni kabla mwezi haujaisha," wala hakusema kwa nini. Asekon naye hakuuliza. Alijaza mafuta ya kondoo kwenye kikopo, akakifunga kwa kitambaa, wakapanda gari.

Walivuka laga, ule mto wa msimu, mchanga wake ukiwa mkavu na mweupe kama majivu. Asekon aliuvuka bila kutazama chini. Ng'ambo ulisimama ukuta wa chini, wenye twiga na mbuni waliochongwa na watu ambao hakuna aliyewajua, zamani sana, kabla nchi haijawa jangwa. Kundi la watalii lilikuwa limesimama kwenye uzio, kila mmoja na kisikilizio kidogo sikioni, wakitikisa vichwa kwa pamoja pale sauti ya mashine iliyoeleza mwamba ilipowaambia jambo la kutikisia kichwa.

Asekon alisimama akawatazama twiga. "Mbona wamenona?"

Arupe alicheka kidogo. "Wametengenezwa. Wale uliowaona wewe walikuwa wameliwa na chumvi. Mchwa wamerudisha nyama yao."

"Mchwa gani wanaorudisha? Mimi nawajua wanaokula."

Arupe alichota vumbi kidogo mguuni pa ukuta, akalionyesha kiganjani. Lilikuwa la kijivu, jepesi kuliko unga, na lilipopigwa na jua likaanza kutembea lenyewe kuelekea kwenye kivuli cha vidole vyake. Akuwam aliinama kutazama.

"Kila chembe ni mashine," Arupe alisema. "Jua ndilo chakula chao. Wanaingia kwenye nyufa, wanatafuna chumvi inayopasua mwamba, na pale walipotafuna wanaacha jiwe. Lakini hawana akili ya kuamua. Wana picha moja, tunaiita picha mama, inayowaambia mwamba unatakiwa uweje. Asubuhi hadi jioni wanaurudisha mwamba kwenye picha ile. Mtu akija leo akakwaruza jina lake hapa, kesho kutwa halipo."

"Kama chembe nyeupe za damu," Akuwam alisema. "Wanamshambulia asiye wa mwili."

"Hivyo hivyo."

Asekon alikuwa amekwisha kuanza kupanda.

*

Ukuta wa juu haukuwa na uzio wala sauti. Mchwa walikuwa bado hawajafikishwa huko, na hilo lilionekana: nyufa za upana wa kidole, vipande vya jiwe vilivyodondoka na kulala chini kama magamba. Palikuwa na michongo michache ya kale, swala wasio na vichwa, na katikati yake, juu kidogo ya kimo cha mtu, palikuwa na duara lenye mkia uliopinda na vistari vitatu ubavuni.

Ilikuwa chapa ya ng'ombe wa Losike.

Losike alikuwa kaka yake Arupe na mume wa Asekon. Alishuka kwenye laga kuokoa ndama siku ambayo mvua ilinyesha milimani na hapa mbingu zikabaki kavu, na maji yakaja kama ukuta. Walimtafuta hadi ziwani. Walichopata ni mkuki wake, umenasa kwenye mizizi ya mti. Mtu asiye na mwili hana kaburi, na Asekon hakukubali mumewe akae hivyo hivyo hewani. Alipanda hapa na ule mkuki, akasimama kwenye ukingo wa jiwe, akachonga chapa kwa ncha yake ya chuma, huku Arupe amemkumbatia kiunoni kwa nyuma asije akaanguka, mikono yake juu ya lile tumbo, na mtoto anampiga mateke ndani. Mtoto huyo sasa alikuwa amesimama nyuma yao, ametoa mikono mfukoni mwa koti.

"Ni hiyo?" Akuwam aliuliza.

"Ni huyo," mama yake alimsahihisha.

Alifungua kikopo, akachovya vidole, akapaka mafuta kwenye duara, kisha mkiani, kisha kistari kimoja kimoja. Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili. Alimwambia Losike kwamba bei ya mbuzi imekuwa wazimu, kwamba binti yake anajifunza kudunga watu sindano, kwamba goti la kushoto limeanza kumsumbua. Halafu akamvuta Akuwam kwa kiwiko. Akuwam alipaka mafuta kwa kidole kimoja, kwa woga. Machozi yake yalishuka yakaingia ndani ya kola ya koti.

Arupe alisubiri hadi kikopo kilipofungwa. Hapo akawaambia.

Ukuta wa juu ulikuwa unakufa. Usipotibiwa, msimu mmoja au miwili ungeshuka wote hadi kwenye laga. Mchwa wangeachiliwa wiki ijayo. Kamati ya picha ilikuwa imeshakubaliana kitakachoingia kwenye picha mama: kilichochongwa kwa jiwe ni urithi, kilichochongwa kwa chuma ni uharibifu. Ilibidi mpaka uwekwe mahali, kwa sababu ukutani kulikuwa pia na majina ya askari walevi, mioyo ya wapenzi na nembo za timu za mpira.

"Kwa hiyo wataziba," Asekon alisema.

"Wataziba."

"Nawe ndiwe unayewafungulia."

"Nisipowafungulia mimi atawafungulia mwingine, na ukuta usipotibiwa utaanguka naye. Kwa vyovyote hapa hatabaki, wifi. Nilitaka umwone."

Asekon aliitazama chapa, inang'aa kwa mafuta. Hakuonekana kushangaa. "Huwezi kuwafundisha wamwache?"

Hilo ndilo swali Arupe alilokuwa amelikimbia tangu siku ile ya simu. "Njia ipo moja. Nikiandika kwamba ni ya kale. Kwamba imechongwa kwa jiwe, na watu wa kale, haijulikani ni nani. Ikiingia kwenye picha mama hivyo, mchwa wataitunza kama wanavyotunza wale twiga. Haitafutika hata sisi sote tukiwa tumeshakufa. Lakini itakuwa mali ya hifadhi. Utawekwa uzio. Hakuna atakayeigusa, hata wewe. Na hatutaweza kusema ni ya nani, kwa sababu siku tutakayosema, itafutwa."

"Basi wazibe," Asekon alisema papo hapo.

"Mama," Akuwam aliita.

"Wazibe. Losike alikuwa mtu. Alikuwa na jina na mdomo mkubwa na deni la kila rafiki yake. Akizibwa atakuwa amezibwa Losike. Akiachwa hivyo unavyosema, wewe Arupe, ataachwa nani?"

"Mama, wewe ulimwona," Akuwam alisema, na sauti yake ikapanda kidogo. "Uliishi naye, unajua alivyokuwa akicheka. Mimi nina nini? Nimekuja leo, mara ya kwanza, nimemgusa kwa kidole kimoja, na unaniambia wiki ijayo hayupo. Mwacheni abaki. Waseme wanachotaka, mimi nitajua."

"Utajua wewe. Na mtoto wako?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia kwa kunong'ona, usije ukasikika." Asekon alikifunga kikopo kwenye kitambaa chake na kuanza kushuka. Alishuka vibaya, akishikilia goti, na hakumruhusu yeyote amshike mkono. Jioni ile walipanda gari kurudi Kitale. Kabla ya kufunga mlango alimshika Arupe mkono, akasema, "Umefanya vema kuniita. Nimeaga." Kwake shauri lilikuwa limekwisha.

*

Siku mbili kabla ya mchwa kuachiliwa, Arupe alipanda tena ukuta wa juu peke yake, asubuhi, na mkoba wenye chupa ya maji ya ndimu na brashi ya katani.

Alijua mashine ya kupima michongo inatafuta nini. Chuma kikichonga jiwe huacha chembe zake ndani ya mfereji, hata miaka ishirini ikipita, na zile chembe hushika kutu. Ndimu huitoa kutu. Kitu kingine kilichotakiwa kutoka ni mafuta, kwa sababu hakuna mchongo wa maelfu ya miaka unaonuka kondoo.

Alianza na duara. Mafuta ya juu yalitoka upesi, lakini chini yake palikuwa na mengine, meusi na magumu, ya miaka ile ambayo Asekon alikuwa bado anaishi huku na kupanda kila mvua zilipokoma. Arupe alisugua hadi bega likafa ganzi. Maji yaliyochuruzika yalikuwa ya rangi ya chai. Katikati ya kazi alijikuta anaongea, anamwambia kaka yake samahani kwa ubaridi wa maji, na alipojisikia akanyamaza. Katika ukoo wao hapakuwa na mtu aliyempata Losike akamwosha. Sasa alikuwa anaoshwa, na alikuwa anaoshwa ili asijulikane.

Alijiambia anafanya kwa ajili ya Akuwam, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ilikuwa kwamba yeye Arupe angekuwa anapita pale kila siku ya kazi, na hakuweza kuuvumilia ukuta mtupu.

Mkuu wa hifadhi, Daktari Wambura, mtu mpole aliyetoka upande wa Mara na aliyelipenda jangwa hili kuliko wengi waliozaliwa humo, alipokea vipimo vyake mchana. Aliitazama picha ya duara kwa muda.

"Huu hatukuwa nao kwenye orodha ya kamati," alisema.

"Uliorodheshwa kwa makosa na mikwaruzo ya chuma. Nimeupima upya. Hauna chuma."

"Hauna kabisa?"

"Hauna."

Alimtazama, si kwa shaka, bali kwa furaha iliyokuwa inaanza kumwingia. "Unajua, Arupe, hakuna mwingine wa namna hii ukanda wote huu. Unaelewa umepata nini?"

"Naelewa," Arupe alisema.

Akauingiza mchongo kwenye picha mama kwa mkono wake mwenyewe. Mashine iliuliza ni wa nani. Akajaza: haijulikani. Siku iliyofuata alimpelekea Akuwam ujumbe wa neno moja: *Ipo.* Akuwam alijibu kwa kushukuru, na akaongeza kwamba mama yake asiambiwe kwanza.

*

Asekon alijua mwaka uliofuata, na wala hakuambiwa na binti yake. Aliiona ukutani kwenye kituo cha mabasi cha Kitale, kwenye bango la utalii lenye urefu wa mlango: duara lenye mkia, rangi ya dhahabu, na chini yake maneno *Njoo Uone Mwezi wa Lokapelet*.

Alifika hifadhini siku ya tatu, Akuwam akimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa kushitakiwa. Safari hii alivaa koti bila kusema neno, kwa sababu alikuwa mtalii kama wengine na alikuwa amekata tiketi. Arupe alimkuta tayari amepanda, amesimama kwenye uzio wa ukuta wa juu, mbele ya kundi la watu waliotoka mbali.

Mchwa walikuwa wamefanya kazi yao. Ukuta haukuwa na ufa hata mmoja. Swala walikuwa wamepata vichwa. Na chapa ile, mchwa waliirekebisha kama walivyorekebisha yote, kwa kufuata picha mama, iliyokamilishwa kwa namna ya michongo iliyoizunguka: duara lilikuwa duara kamili, mkia umejipinda vizuri, vistari vitatu vimelingana. Mkono wa mwanamke mjamzito aliyenyoosha mkuki juu ya kichwa chake huku anatetemeka haukuwa na nafasi tena pale.

"Wifi," Arupe alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kukwambia."

"Nimetafuta pa kumpaka," Asekon alisema. Kikopo kilikuwa mkononi mwake. "Nimeambiwa nikinyoosha mkono kengele italia."

"Ukitaka, jioni watu wakiondoka—"

"Simjui huyu."

Akuwam alikuwa amesimama kando, simu mkononi. Alikuwa amepiga picha moja. "Angalau ipo, mama," alisema.

"Ipo nini?"

Akuwam aliinamia simu.

Daktari Wambura alikuwa akija na wageni wengine, watu wa heshima, wawili kati yao wakiwa ni wakaguzi wa urithi waliokuja kuamua kama Lokapelet iingizwe kwenye michongo inayolindwa na dunia nzima. Alimwona Arupe akang'aa uso. Akawaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyeugundua, kwamba ingekuwa dhambi wausikilize kwa sauti ya mashine na mwenyewe yupo. Akamwomba awaeleze. Watu walitoa visikilizio masikioni, wakamsogelea.

Asekon alimwegemea Arupe kidogo, mdomo karibu na sikio lake. "Waambie," alisema. "Waambie ni Losike mwana wa Ebei, alikufa kwenye laga akifuata ndama. Sema mara moja tu, kwa sauti, mbele ya watu. Halafu wamfute. Sitadai kitu kingine."

"Nikisema, kesho jua halijazama hatakuwepo," Arupe alimnong'oneza. "Na mimi sitakuwepo hapa. Na huyu mtoto hatakuwa na pa kuja."

"Sema."

Arupe aliinua macho akamtazama Akuwam. Akuwam alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kukataa. Kisha akamtazama mama yake, na uso wake ukabadilika kama mtu ambaye hana tena hakika alichokataa. Lakini watu walikuwa wanasubiri, na Daktari Wambura anatabasamu, na wakaguzi wameshaweka vinasa sauti tayari.

Arupe alisema kwamba mchongo huu ni wa kale sana. Alisema ulichongwa kwa jiwe gumu lililoletwa kutoka mbali, na watu ambao lugha yao imepotea. Alisema yawezekana duara ni mwezi na mkia ni mto, na kwamba vistari vitatu vimewashinda wataalamu. Alipofika kwenye vistari alikohoa, akaomba radhi kwa ajili ya vumbi, akaendelea hadi mwisho. Hakuacha hata neno moja.

Asekon alisikiliza yote. Alisikiliza kwa adabu, mikono imeshika kikopo mbele yake, uso umeinuka kama wanavyoinua wageni. Watu walipopiga makofi, yeye pia alipiga, akiwa amekibana kikopo kwapani. Kisha akamsogelea Arupe na kumpa mkono.

"Asante, mama mwongozaji," alisema. "Umeeleza vizuri."

Akageuka akashika njia ya kushuka. Akuwam aliwatazama wote wawili, akafunga simu, akamkimbilia mama yake. Safari hii Asekon alikubali kushikwa mkono.

"Wifi," Arupe aliita. Sauti haikuwa kubwa. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, na baadhi ya wageni wakageuka kutazama anayeitwa ni nani. Wale wawili waliendelea kushuka kuelekea kwenye laga, makoti yao yakivuma, hadi kona ya mwamba ikawameza.

Mmoja wa wakaguzi, mzee mwenye kofia pana, aliinua mkono akauliza kama wenyeji wa siku hizi wana uhusiano wowote na alama hii, au kama kuna familia inayodai ni yao.

Daktari Wambura alimtazama Arupe ajibu.

"Hapana," Arupe alisema. "Hakuna anayeijua."